Miezi minane na sensa janja za mwendo kwenye taa za nje

Taa mbili kubwa za nje za nyumba yangu, kila moja LED ya wati 30, kwa miezi minane sasa zimekuwa zikiwashwa na sensa za mwendo zinazotumia betri na zinazojitegemea, si zile zinazouzwa zikiwa zimebanwa chini ya taa yenyewe. Sensa iliyobanwa kwenye taa huona tu upande ule taa inakotazama, na kwangu mtu aliyeingia kwa lango la nyuma alikuwa anafika katikati ya ua kabla hajaonekana. Nilipoifunga sensa kwenye kona ya ukuta, mita sita kutoka kwenye taa, ua ukawa unaangaza kabla sijamaliza kufunga lango.

Hata hivyo, wiki ya kwanza ilinitia hasira. Nilikuwa nimeielekeza sensa langoni moja kwa moja, nikiamini kwamba hivyo ndivyo itakavyomwona mtu mapema, kumbe sensa hizi hupima badiliko la joto linapohama kutoka kipande kimoja cha eneo hadi kingine, na kwa sababu hiyo humtambua haraka zaidi anayekatiza mbele yake kuliko anayeijia uso kwa uso. Nilisimama gizani nikipunga mikono kama mtu aliyevamiwa na nyuki. Nilipoigeuza itazame njia kwa ubavu, katika kimo cha mita mbili na nusu hivi, tatizo hilo liliisha, ingawa jioni zenye joto kali bado huchelewa kidogo, kwa kuwa joto la mwili halitofautiani sana na la ukuta ulio nyuma yake.

Kipimo cha mwanga kilichomo ndani ya sensa nimekiacha kabisa. Taa ilipowaka, sensa iliuona mwanga huo huo, ikaamini kumekucha na kuamuru taa izimwe. Giza liliporudi iliwasha tena, na mchezo ukaendelea hivyo. Sasa sharti nililoweka kwenye programu ni saa ya machweo, ambayo hukokotolewa kila siku kulingana na tarehe na mahali nyumba ilipo. Muda wa kuzima nao niliuongeza kutoka sekunde 30 hadi dakika tatu baada ya mwendo wa mwisho, kwa sababu mtu aliyeinama akitafuta tundu la kufuli hasogei vya kutosha, na sensa humhesabu kuwa ameondoka.

Hasara ya kweli niliipata kwenye swichi janja ya kwanza, ile inayopokea amri na kuwasha taa. Taa za LED zinapowashwa huvuta umeme mwingi kwa sehemu ndogo mno ya sekunde, na baada ya majuma machache vyuma vya mguso ndani ya relei (swichi ndogo inayoendeshwa kwa umeme) ya swichi hiyo viligandana, taa zikakataa kuzimika mpaka nilipokata umeme kwenye kisanduku kikuu. Fundi umeme alifunga kontakta, yaani relei kubwa inayohimili mkupuo huo wa umeme, nayo swichi janja ikabaki na kazi nyepesi ya kuiamuru tu. Laiti maelekezo yaliyokuja na swichi yangelitaja jambo hilo.

Mawasiliano ni ya Zigbee, mtandao wa redio wa vifaa vya nyumbani usiohitaji intaneti, na amri hutolewa na kifaa kikuu kilichomo ndani ya nyumba, kwa hiyo taa huwaka hata intaneti ikikatika. Mpangilio wangu wa awali ulipitia seva za kampuni, ukachelewa sekunde mbili tatu hata siku njema. Ganda la sensa lina alama ya IP65, yaani limezibwa dhidi ya vumbi na maji yanayorushwa, na mvua haijalishinda. Aliyelishinda ni buibui, ambaye alifuma utando mbele ya lenzi na kunitoa kitandani saa nane usiku nikiwa na tochi mkononi.

Ningezinunua tena, na ningeanza na kontakta. Kilichonishinda ni paka wa jirani. Kupunguza wepesi wa sensa wa kuhisi mwendo kulimficha paka pamoja na mtoto wangu mdogo, basi nikaurudisha na kuziba sehemu ya chini ya lenzi kwa utepe wa umeme ili isione ardhi ya karibu. Paka amehamia juu ya ukuta, na sasa hupita sawasawa na kimo cha sensa.