Mkoba wa Ajrakh kutoka Ahmedabad: kitambaa nyota tano, zipu hata nusu sitoi

Nilikuwa nimeamua kunyamaza, pesa iende iwe sadaka. Lakini juzi nikausoma tena ule ujumbe wa muuzaji, hasira zikanipanda upya. Basi nasema.

Duka liko Ahmedabad, jimbo la Gujarat kule India, jirani na hospitali wanakofikia wagonjwa kutoka huku kwetu. Jina nalihifadhi. Wanauza mikoba, pochi na skafu za vitambaa vya jadi vya Gujarat, na ukutani wameandika kwa herufi kubwa kwamba wanafufua ufundi wa mababu. Mimi nilikuwa nimemsindikiza dada yangu kwa matibabu. Nikachagua mkoba wa begani wa Ajrakh, kitambaa kinachochapwa kwa mihuri ya mbao, buluu iliyokolea na nyekundu ya damu ya mzee, nyota zimeshikana pembe kwa pembe. Nikalipa walichotaja bila kuomba nipunguziwe, na Mombasa nzima wanaonijua hawataamini hilo.

Sababu ni kwamba nilikuwa nimetoka Ajrakhpur, kijiji cha wachapaji wa Ajrakh. Tulipoambiwa tusubiri majibu ya vipimo, dada alinifukuza nisimkalie kichwani, nikapanda basi la usiku hadi Bhuj, mji wa karibu nacho kule wilaya ya Kutch. Kijiji chenyewe ni kipya. Wachapaji wa ukoo wa Khatri walikuwa kijiji cha Dhamadka tangu enzi za babu zao, likaja tetemeko la tarehe 26 Januari 2001, na baada yake maji ya kule yakawa na chuma kupita kiasi, rangi zikawa hazitoki sawasawa. Wengi wakahama wakajenga Ajrakhpur. Yaani watu walihamisha nyumba zao kwa ajili ya maji ya kuoshea kitambaa. Na mtu ananiambia mimi habari za kasoro ndogo! Ngoja, nitafika huko.

Nilisimama kibandani nikimtazama mzee mmoja akichapa. Anachovya muhuri wa mbao kwenye trei, anauweka juu ya kitambaa, anaupiga kwa kisigino cha kiganja, anaunyanyua, anausogeza. Hapimi kwa rula. Nilikodoa macho nitafute pale muhuri mmoja unapokutana na mwenzake, sikupaona. Tena hiyo ni hatua moja tu, kitambaa kinapita hatua 14 hadi 16 kabla ya kuuzwa. Kuna chokaa na gundi ya mti ya kuzuia rangi isiingie pasipotakiwa. Kuna vyuma chakavu vilivyolowekwa na sukari guru mpaka vikaoza, hapo ndipo weusi unapotoka, na unafanywa mzito kwa unga wa kokwa za ukwaju. Kisha nili, kisha kuosha, kuanika juani, kuosha tena. Kazi hii ndiyo iliyompatia mchapaji Ismail Mohammad Khatri udaktari wa heshima wa Chuo Kikuu cha De Montfort, Leicester, Uingereza, mwaka 2003. Si kazi ya kubahatisha.

Sasa zipu.

Iliachia uwanja wa ndege, kwenye foleni ya ukaguzi, dada yuko kwenye kiti cha magurudumu na nyuma yangu watu wanasukumana. Navuta nitoe pasipoti, kichwa cha zipu kikapita, meno nyuma yake yakaachana yote. Nikavuta kurudi, kichwa kikabaki mkononi. Mkoba ukainama ukamwaga kila kitu sakafuni: vidonge vya mgonjwa, risiti za hospitali, chenji, na vitu vyangu vingine ambavyo si lazima wanaume wa foleni ile wavione. Kijana mmoja akaniokotea dawa. Mungu ambariki, yeye peke yake ndiye namkumbuka kwa wema siku ile.

Nilipofika nyumbani nikamtumia muuzaji picha kwa WhatsApp, kwa adabu kabisa, na salamu juu. Akajibu: “Madam, hii ni kazi ya mkono. Kasoro ndogo ndogo ndiyo uzuri wake.” Nikamwuliza, zipu nayo ulisokota kwa mkono? Akasoma. Kimya mpaka leo.

Hapo ndipo tulipokosana. Mkono wa nani unaosingiziwa? Yule mzee wa Ajrakhpur hakushona zipu. Yeye kazi yake aliifanya ikakamilika, na nina ushahidi: siku moja nilinyeshewa mvua ya masika kutoka stendi hadi mlangoni, nimevaa gauni jeupe, na rangi haikutoka hata tone. Aliyeharibu ni huyu wa mjini aliyenunua kitambaa, akakikata, akatafuta zipu ya bei ya chini kuliko zote sokoni, kisha akilalamikiwa anajificha nyuma ya jasho la mchapaji. Mwaka 2024 Ajrakh ya Kutch ilipata alama ya kisheria ya kulinda jina na asili yake. Vizuri sana. Zipu nani ataitungia sheria?

Nikaupeleka kwa fundi wangu wa Mtaa wa Biashara. Akaivuta mara moja akacheka. “Mwanangu, hii si ya mkoba. Hii ya foronya ya kochi.” Akaanza kufumua. Bitana haikuwa imeshonwa upande mmoja, ilibandikwa kwa gundi, ikatoka kama ganda la ndizi mbivu. Ndani yake sasa, mgongo wa kile kitambaa, ule upande ambao hakuna mtu angeuona maisha yake yote, umechapwa vilevile. Nyota ileile mahali pake, nyuma na mbele. Fundi alikigeuza, akakigeuza tena, akaniuliza upande wa mbele ni upi. Sikujua nimjibu nini. Mmoja amechapa pande zote mbili, mwenzake amebandika gundi akazifunika.

Kwa hiyo hukumu yangu imeniharibikia. Nilikuja kutoa nyota moja. Mkoba ninao begani kila Ijumaa, una zipu ya chuma na bitana ya leso yangu ya zamani, na kila ninapopita naulizwa nimeutoa wapi. Siwezi kusema msiununue. Duka lile ndilo nawaambia mlipite, hata kama kiyoyozi chao kinawaita. Mwenye ndugu anayekwenda Gujarat amwagize kitambaa cha mita, afike Bhuj mwenyewe kama nafasi ipo, na apatane bei kwa huruma. Kushona tutashona huku. Fundi wangu ameshasema mkoba wa pili atanipunguzia, mradi nisimletee zipu.