Kingamwili ya DO-1 kwa kupima p53: miezi saba na kichupa kimoja

Wenzangu wa maabara mnaouliza mnunue kingamwili gani ya p53, ile protini inayozuia seli kugeuka saratani, mimi natumia DO-1 na sijajuta.

Nilianza na MCF-7, seli za saratani ya matiti ambazo p53 yake bado ni nzima. Nikazitilia doksorubisini, ile dawa nyekundu ya wodi za saratani, nikazivuna baada ya saa 0, 2, 4 na 8. Protini zake nikazitenganisha kwa ukubwa kwenye jeli, kisha nikazihamishia kwenye utando, ile western blot. Utando ukalowa kwenye maziwa ya unga ya asilimia 5, kisha kingamwili, iliyozimuliwa 1 kwa 1,000, ikakesha nao kwenye friji. Kesho yake, saa 0 palikuwa na kivuli tu. Saa 2 mstari umeanza kukolea. Saa 8 ni mweusi tii, usawa wa kilodaltoni 53. Aktini ya chini, protini ya kulinganishia kiasi, ilikuwa sawa njia zote nne, kwa hiyo sikukosea kupima.

Nilitazama picha ile muda mrefu. Seli huitengeneza p53 siku zote, ila protini iitwayo MDM2 huibandika ubikwitini, alama ya kutupwa, iende kusagwa kwenye proteasomu, kinu cha protini cha seli, hata nusu yake hupotea kwa dakika 20 hivi. DNA ikikatika, kimeng'enya cha ATM huiwekea p53 fosfeti kwenye serini, asidi amino ya 15 katika mnyororo wake, na kimeng'enya cha Chk2 kwenye serini ya 20, MDM2 ikashindwa kuishika, p53 ikarundikana. Na ikisharundikana, p53 yenyewe huiwasha jeni ya MDM2, breki irudi. Mstari ule mweusi ni protini iliyoponea kusagwa.

Sasa angalieni. DO-1 hushika asidi amino za 20 hadi 25, palepale MDM2 inapong'ang'ania. Serini ya 20 ikipata fosfeti, kingamwili nayo haishiki vizuri, na mnaweza kuona p53 pungufu kuliko iliyopo. Tumieni pia nyingine inayoshika sehemu tofauti. Seli za panya msijisumbue nazo, haizisomi. Mwenzangu alipoteza wiki mbili hapo. Na HeLa, seli za saratani ya mlango wa kizazi, zikitoka hafifu msilaumu kichupa: E6, protini ya kirusi cha HPV huko ndani, inaiharibu p53.

Aliyeniuzia alileta kifurushi barafu imeyeyuka yote, na simu hakupokea. Ilibidi niipime upya kabla ya kuiamini. Igaweni kwenye vichupa vidogo siku hiyohiyo ya kwanza, isigande na kuyeyuka kila mara.

Cha pili nimeshaagiza, kwa muuzaji mwingine.