Mashine ya saa kwenye skrini: somo la kumfaa fundi chipukizi

Anayejifunza ufundi saa Kariakoo hujifunza kwa kuchungulia mezani kwa fundi wake. Lakini kuna sehemu macho hayaiwahi: mashine inayopiga mara 21,600 kwa saa, kama zilivyo Seiko 5 nyingi, huurusha uma, kipande kidogo kinacholizuia na kuliachia gurudumu la mwisho la mashine, mara 6 kila sekunde. Hapo ndipo somo la Bartosz Ciechanowski, "Mechanical Watch", la mwaka 2022, linapofaa sana. Lipo kwenye tovuti yake, ciechanow.ski, bure, bila matangazo wala kujisajili.

Michoro unaizungusha kwa kidole, na mingi ina kitelezi chini yake. Nenda kwenye uma, uvute kitelezi taratibu. Jino la lile gurudumu la mwisho limezuiwa na kijiwe chekundu cha uma. Balansi, gurudumu linalopepea huku na huku kupima muda, inarudi, pini yake inaugonga uma, jino linafunguka na kuteleza kwenye uso wa mshazari wa kijiwe, likiusukuma uma, nao unaisukuma balansi. Papo hapo jino jingine linadakwa na kijiwe cha pili. Tiki unayoisikia ni migongano hiyo. Rudia mpaka uweze kueleza bila kutazama, kisha piga hesabu: gurudumu la meno 15 hutoa mapigo 30 kwa mzunguko, kwa hiyo kwenye mapigo 21,600 huzunguka mara 12 kwa dakika.

Springi kuu, inayoipa saa nguvu, nayo imeelezwa vizuri mno. Kalenda unaweza kuipitia juu juu.

Lugha ni Kiingereza, na simu yenye memori ndogo hukwama, bora kompyuta. Upungufu mkubwa ni kwamba saa inayoonyeshwa ni nzima, na somo halifundishi matengenezo. Springi ya balansi ikishika sumaku, mizunguko yake hugandana, ikawa kama imefupishwa, na saa hukimbia. Wengi huanza kusogeza rejista (kijiti cha kurekebisha kasi ya saa), kumbe sumaku ndiyo ya kutolewa kwanza.

Jambo jingine la kumuuliza fundi wako: kabla ya kutoa uma, nguvu ya springi kuu iachiwe polepole, kwa kushika kifundo cha kutilia ufunguo huku ukirudisha klichi inayoizuia. Ukiutoa uma wakati springi imejaa, magurudumu yatafyatuka na kuvunja ncha za ekseli. Fanyia mazoezi mashine mbovu, siyo saa ya mteja.