Semina ya Wayahudi na Israeli iliyonirudisha hadi Uasin Gishu: uzoefu wangu na kikundi chetu

Wengi mmeniuliza ile semina ya Wayahudi tulienda na akina mama ilikuwaje na kama kikundi kingine kinaweza kuitisha, kwa hivo wacha niandike yote mara moja. Naishi Minnesota, upande wa Brooklyn Park, miaka 12 sasa, kwetu ni Moiben huko Uasin Gishu. Tuko na kikundi cha akina mama 18 wa Afrika Mashariki, wengi Wakenya, kuna Watanzania 3, tulianza kama chama cha kuchangiana pesa na siku hizi tunatafuta pia vitu vya kujifunza pamoja. Mmoja wetu anatunza wazee, na mzee mmoja wa Kiyahudi anayemhudumia ndiye alimwambia kuna kituo cha jamii yao kinafundisha vikundi vya nje, ukiwaita wanakupangia. Jina la kituo sitalitaja hapa manake kuna mambo nitayalalamikia pia.

Kusema ukweli nilienda nikidhani nawajua. Si tumeimba Sayuni na Yordani tangu shule ya Jumapili. Lakini Myahudi anayeishi leo, jirani yangu, anapika nini, anaomba aje, mbona anaacha kuendesha gari siku fulani, hayo sikuwa nimewahi kumuuliza hata mmoja.

Mpango wao ni jioni 4, kila Jumanne saa 12 na nusu hadi saa 2 na nusu usiku, tukalipa dola 10 kila mtu kwa zote 4, ya unga na karatasi. Mihadhara ni kidogo sana, mtu hakai akisomewa. Kila jioni kuna kitu unafanya kwa mikono au kwa mdomo wako na mwalimu anazunguka tu akiuliza maswali. Mwalimu wetu alikuwa mama wa makamo, mpole lakini ana macho, anaona nani amenyamaza na anamfuata pale pale alipo.

Jioni ya kwanza tulioka chala, ule mkate wao wa Sabato unaosukwa kama nywele. Hapo hakuna mama wa Kiafrika atashindwa, unga ukikandwa ni unga tu, na kusuka si ndio kazi yetu, mwalimu alishangaa mmoja wetu akisuka nyuzi 6 bila kuonyeshwa mara ya pili. Kabla ya kuoka unakata kipande kidogo cha unga unakiweka kando na baraka inasomwa, hicho hakiliwi, ni kumbukumbu ya sehemu waliyokuwa wanampa kuhani enzi za hekalu. Mezani mikate inawekwa 2, kwa ajili ya ile mana ya jangwani iliyoanguka mara 2 siku ya Ijumaa, halafu inafunikwa kitambaa. Lakini kilichonifurahisha zaidi ni mama wetu mmoja kutoka Kisii ambaye ni Msabato, yeye na mwalimu walishikana hapo wakaongea kama watu wa nyumba moja, jinsi Ijumaa inavyokimbizwa, kupika kabla jua halijazama, kuoga watoto, nguo kupigwa pasi mapema. Mwalimu akawa anamuuliza yeye sasa, "Na nyinyi mama, chakula mnakipashaje moto?" Nikaona hii si semina ya mtu mmoja kujua na wengine kujazwa.

Kitu cha kuwaonya mapema ni chakula. Tulikuwa tumebeba chapati na kuku wa kupaka, tukaombwa tuviache kwa gari manake jiko lao ni la kosha, yaani linafuata sheria za dini yao za chakula, nyama na maziwa havikutani, hadi sufuria ni tofauti, na chakula cha nje hakiingii. Wengine waliumia, mgeni hukataliwi chakula chake hivo kwetu. Baadaye tulielewa na wao wakakubali kwamba ilifaa watuambie kwa simu kabla, si mlangoni mtu akiwa na hotpoti mkononi.

Jioni ya pili ilikuwa ya lugha na kusoma. Wanatupa kadi za maneno ya Kiebrania yameandikwa kwa herufi zetu, tunatafuta yanayofanana na lugha zetu za nyumbani. Jamani Kiswahili kimejaa ndugu! Shalom na salamu, nefesh na nafsi, ruah na roho, dam na damu, me'a na mia, elef na elfu, sheva na saba. Dada yetu wa Mombasa aliyesoma madrasa alituacha mbali sana, akatueleza ni kwa sababu sisi tulichukua kutoka Kiarabu na Kiarabu na Kiebrania ni watoto wa mama mmoja. Halafu siku za wiki, Jumapili kwao ni siku ya kwanza, wanahesabu kwa namba kama sisi, lakini sisi mosi yetu ni Jumamosi, yaani tunaanza kuhesabu siku ile wao wamepumzika, ndio maana ile Jumanne tuliyokuwa tunakutana kwao ni siku ya 3. Nimesema Jumamosi maisha yangu yote na sikuwahi kusimama niulize mosi ya nini.

Kisha mnakaa wawili wawili, wanaita havruta, mnasoma mistari michache kwa sauti na mnabishana. Tulipewa Mwanzo 18, Ibrahimu amekaa mlangoni mwa hema wakati wa jua kali na wageni 3 wanatokea. Pembeni kuna maelezo ya Rashi, mwalimu wao wa Ufaransa wa karne ya 11, anasema jua lilitolewa kali makusudi ili wapita njia wasimsumbue mzee ambaye alikuwa ametoka kutahiriwa, lakini Mungu akaona anaumia kwa kukosa wageni, akamletea. Mimi na mwenzangu tulizungumza hapo hadi tukasahau muda, mzee anayeugua kwa kukosa mgeni, tulimjua, ni babu zetu wote. Alafu mama mmoja akainua mkono, "Mwalimu, hapa mstari wa 8 Ibrahimu amewapa siagi na maziwa na ndama, na wiki jana mmetuambia nyama na maziwa havikutani." Mwalimu alipiga makofi, akasema hilo swali wasomi wao wamelibishania miaka na miaka, wengine wanajibu Torati ilikuwa bado haijatolewa Sinai, wengine wanasema maziwa yalitangulia na nyama ikaja baadaye. Hakutuambia jibu sahihi ni lipi, akaacha tubishane mpaka tunavaa makoti.

Sasa jioni ya 3, hii ndio nimeandikia haya yote.

Walipanga viti kama bunge wakatuambia tuko Basel, Uswisi, Agosti 1903, mkutano wa 6 wa Wazayuni, yaani Wayahudi waliokuwa wanatafuta nchi yao wenyewe. Kila mtu anapewa kadi ya mjumbe na anaongea kama huyo mtu. Hoja mezani ni kwamba Uingereza, kupitia Chamberlain waziri wake wa makoloni ambaye alipita Afrika Mashariki na reli mwishoni mwa 1902, imejitolea kuwapa Wayahudi nchi ya kukaa, na Theodor Herzl, kiongozi wao, anaomba mkutano ukubali angalau kutuma watu wakaikague. Watu wanauita mpango wa Uganda. Mwalimu akabandika ramani ukutani na mimi nikasimama bila kujua nimesimama, manake ile sehemu imepigwa rangi si Uganda, ni nyumbani. Ni Uasin Gishu! Kumbe jina lilibaki tu kwa sababu hadi 1902 eneo letu lilikuwa chini ya himaya ya Uganda kabla kuhamishiwa upande wa Kenya. Kule Moiben shuleni tulisoma Maburu, wale walowezi waliotoka Afrika Kusini, tulisoma jinsi Eldoret ilivyoitwa Sisibo kutokana na shamba namba 64, lakini hii ya Wayahudi tuliisikia kwa mstari mmoja ukapita.

Na kadi niliyokuwa nimepewa ni ya mjumbe kutoka Kishinev, mji uliokuwa chini ya Urusi wakati huo. Aprili ya mwaka huo huo Wayahudi 49 waliuawa huko, nyumba na maduka yakavunjwa. Yaani mkononi nimeshika maneno ya mtu aliyetoka kuzika watu wake na anatafuta pa kukimbilia, na pale anapopewa ni pale kogo wangu, yaani nyanya yangu, alilisha ng'ombe. Nilijaribu kuongea ikakwama. Mwenzangu upande wa pili alikuwa anasema kwa uchungu wa kweli kabisa, watoto wetu wanakufa, tupeni hata banda la kulala usiku mmoja, na alikuwa sahihi, mtu anayechomewa nyumba humwambii asubiri.

Tukapiga kura, 11 wakakubali, 7 tukakataa. Mwalimu akatwambia ya Basel ilikuwa 295 wa kukubali na 178 wa kukataa, na ilikuwa ni ya kutuma wakaguzi tu, na kwamba wajumbe wengi wa Urusi walitoka nje ya ukumbi, wengine wakilia, na kati yao walikuwemo hao wa Kishinev wenyewe. Waliochomewa ndio walikataa. Walisema kwao ni Yerusalemu na hawabadilishi. Hapo ndio nilianza kuelewa kitu ambacho mahubiri yote ya kanisani hayakuwahi kunielewesha, kwamba hii ardhi kwao si sehemu ya kujificha tu.

Lakini bado kuna kitu kilinikaa kooni nikainua mkono. Nikasema mwalimu, kwenye hizi kadi kuna mjumbe wa London, kuna wa Urusi, kuna Max Nordau mwenzake Herzl, kuna hadi Chamberlain, mbona hakuna Mnandi? Hakuna Mmasai, na hilo jina Uasin Gishu ni la Wamasai. Nikawaambia wakati wale wakaguzi 3 wanashuka Mombasa Januari 1905, wanapanda treni hadi Nakuru na kutembea kwa miguu hadi kwetu, Wanandi walikuwa wamepigana na Waingereza kwa miaka 10, na Oktoba ya mwaka huo huo Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, akauawa kwa risasi na Meinertzhagen, afisa wa jeshi la Waingereza, kwenye mkutano alioitiwa kama wa amani. Nchi ilikuwa inagawanywa na mtu ambaye bado anaipigania na wenyewe.

Ukumbi ulinyamaza. Nilidhani nimeharibu. Mwalimu akafungua begi lake akatoa kadi nyeupe na kalamu akaniletea, akasema, "Tafadhali mama, iandike wewe." Nikaandika mistari 3: Mimi ni mfugaji wa Kinandi. Ng'ombe wangu wanakula nyasi za hapa. Sijaulizwa. Akanipa nafasi niisome mbele, nikaisoma kwa Kinandi na kwa Kiingereza, na tukapiga kura tena. Wa kukubali walibaki 3, na hao 3 walisimama wakaeleza kwa nini, kwamba mtu anayekufa leo hawezi kungoja ruhusa, na hatukuwazomea, tuliwasikiliza.

Mwalimu aliongeza kwamba walowezi wazungu wa Nairobi pia walipiga kelele, kwa sababu zao wenyewe, na mkutano wa 1905 ukaikataa kabisa hoja hiyo, Herzl akiwa ameshafariki Julai 1904. Kutoka 1908 wakaja Maburu wengi na sisi hatukuulizwa vile vile.

Jioni ya 4 ndio iliniudhi. Ilikuwa ya Israeli ya leo, na alikuja kijana mwingine, mwalimu wetu hakuwepo. Wanafunga kamba ukumbini na wewe unatundika kadi za miaka kwa vibanio vya nguo, 1897 mkutano wa kwanza wa Wazayuni, 1917 Uingereza kuahidi Wayahudi makao Palestina, Novemba 29 1947 kura ya Umoja wa Mataifa ya kuigawa Palestina, Mei 14 1948 uhuru, 1967 vita vya siku 6, amani na Misri 1979, 1991 wakati Wayahudi zaidi ya 14,000 wa Ethiopia walibebwa kwa ndege ndani ya siku moja na nusu hivi. Wazo ni zuri na hiyo ya Ethiopia iliwagusa wengi, hatukujua kuna Waisraeli weusi wengi hivo. Lakini kadi zilikuwa 24 na za Wapalestina 2, na dada yetu wa Mombasa alipouliza hawa watu kama 700,000 waliopoteza makao yao 1948 walienda wapi, alijibiwa haraka haraka na ikasemwa muda umeisha. Baada ya jioni ya 3 vile ilivyokuwa, nilirudi nyumbani na hasira.

Niliwaandikia wiki hiyo hiyo. Walijibu siku 2 baadaye, hawakujitetea, wakatuongezea jioni moja bila malipo na mwalimu wa kwanza akarudi. Hiyo ilikuwa ngumu na ilikuwa ya maana. Dada wa Mombasa akaongea alichotaka kuongea mpaka mwisho. Mama mmoja wa Kitanzania akakumbusha wale vijana wawili wa kwao waliokuwa wameenda Israeli kujifunza kilimo wakauawa Oktoba 7 2023, akalia, dada wa Mombasa akamshika mkono na akasema na yeye watoto wa Gaza hawamtoki usiku, na hakuna aliyemkatiza. Mwalimu hakujaribu kufunga hayo mazungumzo kwa maneno matamu. Alikaa tu na sisi.

Kwa hivo kama kikundi chenu kinataka, mimi nasema iteni, ila waambieni mapema mnatoka wapi, manake wakijua wataandaa kitu kinachowahusu, na hiyo ya 1903 msiikose hasa kama mko na watu wa Eldoret, Kapsabet au Nandi Hills. Waombeni jioni ya Israeli ya leo iwe 2 na si moja, ulizeni mambo ya chakula kabla, na mjue Kiingereza chao kina maneno mengi ya ndani kwa hivo mtu asiogope kusema sijaelewa. Mwezi uliopita mwalimu alinipigia akitaka nimsomee herufi kwa herufi jina la Koitalel, kadi inaenda kuchapishwa. Sisi tumeitisha tena mwezi wa 10, safari hii Jumamosi usiku Sabato ikishaisha, ndio walio kwa shifti za Jumanne nao waje, na mama wa Kisii ameshasema atakuja na wenzake 5 wa kanisani.