Kalkuleta ya elfu 28 ya Sabasaba: nzuri, ila mabano yake muwe nayo makini

Hii kalkuleta ya sayansi nimeinunua kama wiki tatu hivi, duka moja la steshenari pale Sabasaba hapa Dodoma, ni ya mdogo wangu wa form three. Jamaa alianza na elfu 35 tukavutana mpaka 28. Nyota tatu na nusu.

Ni ya sola, na jua la Dodoma mnalijua wenyewe, haijazima hata siku moja. Vitufe vigumu kidogo. Ila mimi kilichonivuta ni kitufe cha FACT, unaandika namba hadi tarakimu 10 unabonyeza inakuvunjia vigawo tasa hapohapo. Nikaipa 4294967297, yaani 2 kwa kipeo cha 32 jumlisha 1, ile ambayo mwanahisabati Fermat aliamini ni tasa mpaka Euler akaja kumuumbua mwaka 1732. Kufumba na kufumbua, 641×(6700417). Nilicheka peke yangu dukani.

Sasa hayo mabano ndo balaa. Muuzaji akaniambia ukiona mabano ujue hiyo ni namba tasa, na mimi mtu mzima nikameza. Dogo kapewa 1022117, mashine ikaleta (1022117), akaandika "tasa", akala mkasi mwekundu. Kumbe ni 1009×1013! Hii kitu inajaribu tasa za tarakimu tatu tu, ikifika 997 inanyoosha mikono, kilichobaki inakifungia kwenye mabano, kiwe tasa kisiwe tasa haijui. Na 1009 ndo tasa ya kwanza kabisa baada ya 997, yaani angejaribu kugawanya mara moja tu kwa mkono angeipata, inauma.

Nikaiwekea na namba ya NIDA, tarakimu 20, ikabakiza 10 za mwanzo na ×10 kipeo cha 19. Toa 1, jibu lilelile. Ukitaka kujua ni shufwa au witiri chungulia kitambulisho chenyewe tarakimu ya mwisho, mashine haina habari nayo.

Kuhusu 6700417, ni tasa kweli, ila kuhakikisha kwa kujaribu moja moja ni kugawanya kwa tasa zaidi ya 200, za kuanzia 1009 (za chini yake mashine imeshazimaliza) mpaka 2579 (tasa inayofuata ukiizidisha kwa yenyewe inapita 6700417). Dogo akagoma. Nikamwonyesha ujanja wa Euler: kigawo tasa chochote cha ile namba kubwa, 4294967297, ukikigawanya kwa 64 lazima kibaki 1, angalia 641, ni 64 mara 10 jumlisha 1. Ukizichuja hivyo zile zaidi ya 200 zinabaki tano tu, 1153, 1217, 1409, 1601 na 2113. Akazipiga zote kwenye hiyohiyo kalkuleta, kila moja ikaacha desimali, dakika mbili kazi imeisha akarudi kwenye simu yake.