Nilianza na tredmili, nikaishia kwenye baiskeli: uzoefu wangu wa kuchagua mashine ya mazoezi ya nyumbani

Baiskeli yangu ya mazoezi imetimiza mwaka mmoja na miezi miwili chumbani, na bado nainyonga siku tano kwa wiki. Kabla yake nilikuwa na tredmili, ile mashine ya kutembea au kukimbia juu ya mkanda unaozunguka, niliyokaa nayo miezi saba nikaiuza. Watu hunitumia ujumbe wakiuliza wanunue mashine gani, na kila nikijibu kwa kifupi naona nimewapunja. Leo naeleza yote, pamoja na pale nilipokosea.

Nilianza kwa sababu daktari aliniambia presha imeanza kupanda. Alinitaka nifanye walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, kiwango kilekile ambacho Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa watu wazima. Natoka nyumbani mapema na kurudi giza limeshaingia, kwa hiyo kwenda jimu kila siku kusingewezekana. Nikaamua kununua mashine, na kosa langu lilianzia kwenye swali lenyewe: ipi inaunguza kalori nyingi zaidi? Kila jedwali nililolisoma liliweka kukimbia juu kabisa, nami nikanunua tredmili bila kuwaza zaidi.

Tredmili ni mashine nzuri na sina ugomvi nayo. Kutembea hakuna anayehitaji kufundishwa, unapanda na kuanza. Ukiinua mwinuko unahema vizuri bila hata kukimbia; mimi kutembea kwa kilomita 5 kwa saa kwenye mwinuko wa asilimia 8 kulinitoa jasho kuliko kukimbia polepole kwenye tambarare. Ila kuna mambo mawili ambayo sikuyakagua dukani. La kwanza ni mota. Kwenye boksi palikuwa na namba kubwa ya nguvu za farasi, nikaiamini. Kumbe ile ilikuwa nguvu ya kilele, ambayo mota huifikia kwa muda mfupi tu. Namba ya kuulizia ni nguvu ya mfululizo, ile ambayo mota inaihimili zoezi zima. Kwa kutembea, 2 zinatosha. Anayekimbia mara kwa mara atafute 2.5 hadi 3. Yangu ilikuwa chini ya hapo, na kila mguu ulipotua nilihisi mkanda unasita kidogo kabla ya kuendelea.

La pili ni ukubwa wa mkanda. Kwa kukimbia unahitaji upana wa sentimita 50 hivi na urefu usiopungua 140, na mwenye miguu mirefu aongeze. Wangu ulikuwa na upana wa sentimita 42. Nikitembea sikuona shida. Nikikimbia ilibidi niangalie miguu muda wote nisikanyage pembeni, na shingo iliniuma.

Hata hivyo, kilichoniondoa kwenye tredmili ni sakafu. Tunaishi ghorofani, na chini yetu anaishi mzee mmoja mpole sana. Siku moja alinisubiri kwenye ngazi. Hakunifokea. Alisema tu, "Mwanangu, njoo ndani usikie mwenyewe." Mke wangu akabaki juu akikimbia taratibu, mimi nikakaa sebuleni kwa mzee. Mezani palikuwa na glasi ya maji. Kila hatua ya juu, uso wa maji ulitetemeka na kufanya viduara vidogo vilivyokimbilia ukingoni. Sauti yenyewe haikuwa kali. Ilikuwa mdundo mzito unaopita ukutani na kukuingia kifuani. Mtu akikimbia, mguu hugonga chini kwa nguvu inayofikia mara mbili hadi tatu ya uzito wake, na mimi wakati ule nilikuwa na kilo 88, mzito kuliko mke wangu kwa mbali. Miezi yote ile nilikuwa namgongea yule mzee juu ya kichwa saa kumi na moja alfajiri, naye akanyamaza. Niliona aibu ya kweli.

Nikatandika mkeka mnene wa mpira. Mdundo ukapungua, haukuisha. Nikahamishia mazoezi jioni, na jioni ndipo watoto wanataka kusaidiwa kazi za shule. Nikashuka kutoka siku tano hadi mbili, kisha moja, kisha ikapita wiki nzima sijaiwasha.

Hapo ndipo nilipobadilisha swali. Badala ya kuuliza ipi inaunguza zaidi, nikaandika kwenye karatasi kila kitu kinachoweza kunizuia kufanya mazoezi alfajiri. Kelele. Goti la kulia, ambalo niliwahi kuliumiza nikicheza mpira. Chumba chenye nafasi ndogo. Umeme kukatika, maana mkanda wa tredmili ukisimama ghafla unaweza kukutupa mbele. Na mtoto mdogo. Hili la mtoto nisisitize kwa yeyote mwenye watoto: mkanda unaozunguka huchuna ngozi ya kiganja kwa sekunde chache, na kidole kinaweza kuvutwa kule nyuma unapoingia chini. Tredmili huja na ufunguo wa usalama wenye kamba unayobana kwenye nguo. Ukimaliza, uchomoe ufunguo uuweke mahali mtoto hafiki. Na usiisogeze mashine ukutani. Nyuma yake acha mita 2 wazi, ukianguka usibanwe kati ya ukuta na mkanda.

Kwa karatasi ile mkononi nililipia jimu kwa siku, Jumamosi tatu mfululizo, nijaribu nyingine kabla ya kununua. Huu ndio ushauri ninaoupenda kuliko wote: usinunue mashine ambayo hujakaa juu yake dakika 20. Dakika mbili za dukani hazikwambii kitu.

Eliptiko, ile unayokanyaga vibao viwili huku mikono ikisukuma na kuvuta, goti langu liliipenda sana. Mguu hauachani na kibao, kwa hiyo hakuna kugonga. Shida ikawa urefu wa hatua, ambao huwezi kuubadilisha kwenye mashine nyingi. Ile ya jimu, kubwa na nzito, ilinitosha. Za nyumbani nilizopanda baadaye hatua ilikuwa fupi mno kwangu, nikawa kama napanda ngazi huku nimefungwa miguu. Mtu mrefu atafute yenye hatua ya sentimita 50 hivi, tena akumbuke dari: ukiwa juu yake kichwa kinapanda sana kuliko ukiwa umesimama sakafuni.

Mashine ya kupiga makasia ndiyo iliyoniumiza moyo kuiacha. Inatumia miguu, mgongo na mikono kwa pamoja, na dakika 10 zake ni nzito. Siku ya kwanza nilivuta kwa mikono tu, kiuno kikakaza. Jumamosi iliyofuata mwalimu mmoja akanionyesha mpangilio: sukuma kwa miguu kwanza, miguu ikikaribia kunyooka egemeza mgongo nyuma, kisha ndipo mikono ivute hadi chini ya kifua. Kurudi ni kinyume chake: mikono, mgongo, miguu. Akanionya pia kuhusu ile swichi ya pembeni yenye namba 1 hadi 10 kwenye mashine za upepo, zile ambazo ugumu wake unatoka kwenye feni. Wengi huiweka 10 wakidhani ndiyo mazoezi, kumbe ugumu unatokana na nguvu unayosukumia. Ile inabadilisha tu hewa inayoingia, uzito wa kasia uhisi tofauti. Ingekuwa chumba changu kinaruhusu kitu chenye urefu wa mita 2.4, na upepo wake hausikiki chumba cha pili, ningeinunua.

Nikabaki na baiskeli. Niliyochagua ni ya kukaa wima, yenye breki ya sumaku, na hilo la sumaku ndilo lililoamua. Kwenye baiskeli za breki ya kusugua, kipande cha sufi au ngozi hugandamizwa kwenye gurudumu zito la mbele. Kinalia, kinalika, na siku moja utakibadilisha. Kwenye ya sumaku hakuna kinachogusana. Sumaku inasogezwa karibu na gurudumu la chuma linalozunguka, ndani ya chuma kinazaliwa mkondo wa umeme, na mkondo huo unapinga mzunguko. Kadiri unavyoisogeza na kadiri unavyonyonga kwa kasi, ndivyo inavyokaza. Kinachosikika chumbani mwangu ni pumzi zangu na mvumo mdogo wa mkanda wa ndani. Haichomekwi ukutani, skrini inatumia betri mbili ndogo.

Wiki ya kwanza goti lilianza kuuma mbele, chini kidogo ya kifupa cha goti, na nilikaribia kuirudisha. Kosa lilikuwa kiti. Nilikiweka chini ili nifikishe miguu sakafuni, na kiti kikiwa chini goti hukunjwa kupita kiasi kila mzunguko. Njia niliyofundishwa ni hii: kaa, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu unapaswa kunyooka kabisa bila kiuno kuinama upande mmoja. Ukirudisha sehemu pana ya mbele ya wayo kwenye pedali, goti litabaki limekunjika kidogo tu. Nilipandisha matundu matatu. Maumivu yalikwisha ndani ya siku nne. Nguzo ya kiti sasa ina mstari wa kalamu nyeusi kwenye namba 7, yangu, na mwingine kwenye namba 4, wa mke wangu, ili asiwepo wa kukisia usingizi ukiwa bado machoni.

Kasoro zake ninazijua vizuri. Kiti ni kigumu. Wiki mbili za mwanzo nilikaa kwa shida, na kaptura yenye sponji ndiyo iliyonisaidia, si kile kifuniko laini cha kiti ambacho kilikuwa kikiteleza. Pedali ya kushoto ilianza kugonga mwezi wa tano. Nilikuwa nimeifunga vibaya mwenyewe, kwa kutojua kwamba hesi za pedali ya kushoto ziko kinyume: inakazwa kwa kuzungusha spana upande ambao kwa kawaida tunafungulia. Nililazimisha, hesi za mkono wa chuma unaoshika pedali zikaliwa, nikaagiza mkono mpya. Wewe ianze kwa vidole. Ikikataa, itoe uanze upya, usiguse spana mpaka imeingia mizunguko mitatu kwa ulaini.

Na skrini usiiamini. Yangu haijawahi kuniuliza uzito, umri wala jinsia, lakini kila asubuhi inanipa idadi ya kalori bila kusita. Mke wangu mwenye kilo 61 inampa ileile. Ninachofuata mimi ni pumzi: nikiweza kuongea sentensi nzima lakini siwezi kuimba, niko kwenye kiwango cha wastani. Nikibaki na maneno mawili matatu kati ya pumzi, hiyo ni kali. Wapo wanaotumia hesabu ya 220 kutoa umri kupata kilele cha mapigo ya moyo. Ni makadirio tu, na kwa anayetumia dawa za presha zinazopunguza mapigo, kama baadhi ya zile nilizoelezwa hospitalini, haifai kabisa. Huyo apime kwa pumzi na amuulize daktari wake.

Nilianza na dakika 10, ugumu namba 3. Sasa ni dakika 30 kwa namba 6, na mara mbili kwa wiki naongeza vipande sita vya dakika moja vya kunyonga kwa nguvu, kila kimoja kikifuatwa na dakika mbili za polepole. Mapigo yangu nikiwa nimetulia yalikuwa 82 kwa dakika. Leo asubuhi nimehesabu 67. Presha imeshuka, ingawa dawa bado natumia na daktari ndiye atakayesema lini niache. Nimepungua kilo 5, ambazo sehemu kubwa nadhani zimetokana na kula vizuri. Kile baiskeli isichofanya nakifanya pembeni: mikono na kifua haviguswi, na mifupa haibebi uzito ukiwa umekaa, kwa hiyo siku mbili kwa wiki napiga pushapu na kuchuchumaa, na mwisho wa wiki natembea nje.

Mama yangu, mwenye miaka 71 na kiuno kinachomsumbua, alipoona yangu akataka yake. Hiyo ya wima isingemfaa, kuinua mguu kuipanda tu ni kazi. Tulimtafutia ya kuegemea, yenye kiti kipana chenye mgongo na pedali zilizo mbele, unayoingia kama unakaa kwenye kochi. Tulikagua uzito wa mtumiaji ulioandikwa, tukachukua inayobeba kilo 30 zaidi ya uzito wake, maana zile zinazobeba kwa kubana hutikisika. Ananyonga dakika 12 asubuhi na 12 jioni. Nikimpigia simu saa hizo huwa haachi kunyonga, ananieleza habari za nyumbani huku pedali zikisikika kwa mbali. Akianza kukatakata maneno namwambia, "Mama, shusha namba moja," nasikia kitufe kinalia, kisha anaendelea pale alipoishia.