Mbolea ya mahindi Nyanda za Juu Kusini: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Ikifika Oktoba, kwenye maduka ya pembejeo ya Mwanjelwa, Makambako na Mafinga swali ni moja: "Mfuko bei gani?" Swali hilo ndilo linalotumaliza. Mifuko yote ina kilo 50, ila mahindi hayali mfuko, yanakula kirutubisho kilichomo. Urea yenye asilimia 46 ina kilo 23 za nitrojeni. CAN (kalsiamu amonia naitreti) ya 27 ina kilo 13.5. SA (salfeti ya amonia) ya 21 ina kilo 10.5 tu. Gawanya bei kwa namba hizo kabla hujatoa hela. Hata ukiuziwa SA kwa nusu ya bei ya urea, nitrojeni yake bado umeinunua ghali zaidi.

Ya kupandia

Ya kwanza ni DAP, 18-46-0, namba za nitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa mpangilio huo. Kiwandani mwamba wa fosfati humeng'enywa kwa tindikali ya salfa, inapatikana tindikali ya fosfori, kisha hiyo huunganishwa na amonia. Ndiyo maana fosforasi yake huyeyuka upesi na mche mchanga unaikuta tayari. Kwenye udongo wa volkano wa Rungwe usiitawanye shambani hata siku moja: udongo ule unaikamata fosforasi na haurudishi kirahisi. Weka kisoda kwenye shimo, funika na udongo kidogo, ndipo mbegu ifuate.

Ya pili ni Minjingu, na kwa wenzetu wa Njombe wenye udongo mkali wa tindikali ningeiweka bega kwa bega na DAP. Huu ni mwamba wa fosfati wa kwetu, kutoka Manyara. Ule wa kusagwa tu haujapita kwenye tindikali ya kiwanda. Kazi hiyo hufanywa na tindikali ya shamba lako. Kama kipimo cha udongo kimetoka pH 6.5 au zaidi, yaani tindikali ni kidogo, achana nao, utakaa shambani kama kokoto. Kumbuka pia kwamba mwamba mtupu hauna nitrojeni, kwa hiyo ya kukuzia isichelewe.

NPK 17-17-17 naiweka ya tatu kwa mahindi, maana unalipia potasiamu nyingi ambayo mara nyingi hukuihitaji. Kwa viazi mviringo ni habari nyingine, huko ichukue bila kusita.

Ya kukuzia

Hapa urea inaongoza, kwa sharti moja: uifukie.

Asilimia 78 ya hewa ni nitrojeni, lakini mmea hauwezi kuila hivyo ilivyo. Fritz Haber alionyesha mwaka 1909 kwamba inaweza kuunganishwa na hidrojeni ikawa amonia, na Carl Bosch akaifanya kazi ya kiwanda. Cha kwanza kilianza Oppau, Ujerumani, mwaka 1913. Hadi leo ni njia ile ile: joto la nyuzi 400 hadi 500, mgandamizo mkubwa mno, na hidrojeni inayotolewa zaidi kwenye gesi asilia. Amonia hiyo ikikutanishwa na kaboni dioksidi inazaliwa urea. Gesi ikipanda Ulaya, mfuko unapanda Uyole. Mwaka 2022 tuliliona hilo kwa macho, hadi Serikali ikaleta ruzuku. Kama hujajisajili kwa ajili ya ruzuku, anzia huko.

Sasa, urea ukiimwaga juu ya udongo wenye unyevu na kuondoka, vimeng'enya vya udongoni huirudisha kuwa amonia, nayo inapaa. Ile harufu kali ni hela yako.

Kwa hiyo kama unajijua hufukii, CAN ndiyo ya kwanza kwako. Nusu ya nitrojeni yake ni naitreti, mmea unaichukua papo hapo, na ina chokaa inayopunguza ukali. Ubaya wake, mvua za Tukuyu huisomba naitreti chini upesi. Igawe mara mbili. SA inashika mkia, kwa sababu inaongeza tindikali kwenye udongo ambao tayari unayo. Ina salfa asilimia 24, basi wa vitunguu wana sababu ya kuinunua.

Kabla hujabeba

Angalia mshono wa mfuko. Ulioshonwa upya huwa na matundu ya zamani pembeni. Rangi isikudanganye, DAP hupakwa. Chukua chenga chache kiganjani, changanya na chokaa na tone la maji, sugua: amonia itakupiga puani. Isiponukia, si DAP. Urea itie kwenye glasi ya maji: huyeyuka yote, na glasi inakuwa baridi mkononi. Ikibaki mchanga chini, rudisha.

Na ukinunua urea na CAN pamoja, usizichanganye kwenye ndoo moja. Zikikutana hunyonya unyevu hewani na kugeuka uji kabla hujafika mwisho wa mstari.